Bibi Harusi wa Mapatano

Hapo kale wafalme wawili wa ndege korongo walipigania mto mmoja. Walipochoka, Mfalme Kidari wa kaskazini alimtoa binti yake, Mawingu, aolewe na mwana wa Mfalme Shingo wa kusini ili vita viishe.

Siku ya harusi wafalme wakagombana mlangoni pa jumba la Shingo, kila mmoja akitaka kutangulia kuingia. Walikuwa karibu kudonoana, ndipo Mawingu, ambaye hakuna aliyemuuliza neno tangu aposwe, akamgeukia mama yake Shingo, malkia mkongwe aliyekaa kimya pembeni.

"Bibi, nawe ulizaliwa hapa?"

"La, mjukuu wangu. Nililetwa kutoka kaskazini kumaliza vita, kama wewe. Nilimwacha huko kifaranga wa kaka yangu, mwoga wa radi, asiyelala ila chini ya bawa langu. Jina lake Kidari."

Mfalme Kidari akainamisha shingo. "Shikamoo, shangazi," akasema kwa sauti nyembamba.

"Marahaba. Msalimu na binamu yako Shingo."

Wafalme wakakumbatiana, wakaingia pamoja, wakakwama mlangoni kwa vicheko.

"Kumbe nyinyi ni ndugu!" Mawingu akasema. "Sasa mimi naolewa ili nimpatanishe nani na nani?"

"Olewa ukitaka," malkia mkongwe akamjibu.

Mawingu akamtazama bwana harusi, aliyekuwa akimchagulia samaki wanono tangu asubuhi.

"Nitafikiri," akasema akicheka. "Kwanza tule."