Gari Jekundu la Saa Kumi

Gari jekundu likaingia kona ya tatu kama limelewa, likabamiza ukuta, likageuka mbele nyuma.

"We kaka, umezeeka au umekodisha mikono?" Gia akaicheka tivii, pedi ya gemu mkononi.

Toleo hili la majaribio la gemu halikuwa na pa kuandika wala kuongea. Ukitaka kusalimia unawasha taa mara mbili.

Gari jekundu likawasha taa mara mbili.

Gemu lenyewe la kitambo, nani hakulicheza? Lakini hili la kushindana mtandaoni halikuwahi kufika dukani. Zilitoka diski za majaribio chache, mbili zikawafikia Gia na kaka yake, kisha kampuni ikazima kila kitu, mpaka shabiki mmoja huko mbali alipoifufua seva ya kuwaunganisha wachezaji kwa mapenzi tu. Siku zote humo ndani ni wawili: Gia, na jina la kaka yake.

Kaka aliondoka na mashine yake ya gemu na diski yake kwenda kutafuta maisha. Simu yake ikafa. Gia naye akafa nusu: kibanda cha kutengeneza simu akakifunga, kuoga mpaka asukumwe, kula mpaka mama ambembeleze kijiko kwa kijiko.

Halafu mwaka jana, saa kumi jioni, gari jekundu hilo, jina la kaka juu yake.

"Mama! Kaka yupo hai!"

"Nimesikia, mwanangu," mama akaitikia chumbani, mlango umefungwa. Ulikuwa muda wa tamthilia yake. "Cheza naye basi."

Tangu siku ile Gia akarudi kuwa mtu. Kibanda kikafunguliwa, sahani zikamalizwa. Wiki ile mama alipolazwa hospitalini, kaka naye hakuonekana, Gia akaguna: mikosi haiji mmoja mmoja.

Leo, mzunguko wa mwisho, gari jekundu likasimama katikati ya barabara. Gia akawasha taa. Akawasha tena. Akawasha mpaka kidole kikauma.

"Kaka, usinifanyie hivyo. Kaka!"

Akakimbilia chumbani kwa mama, akasahau hata kubisha hodi.

Mama alikuwa amesinzia ameketi, miwani imemshukia puani, pedi ya gemu mapajani; kwenye tivii yake, gari jekundu limesimama katikati ya barabara. Miguuni pake, begi la kaka, bado lina kikaratasi cha chumba cha maiti. Tarehe ilikuwa ya mwaka juzi.