Saizi ya Mwakani

Jamani, tikiti ziliingia kwenye simu ya Zaituni akiwa anachambua mchele, akausukuma ungo kando. Za bure, wiki nzima, visiwa vya mbali kule! Nani asiyejua? Serikali huipa likizo ile nyumba ambayo kompyuta imeona mmoja wa waliomo hatamaliza mwaka, atakufa. Nani hasa, haisemi.

“Nitakuwa mimi tu, na presha yangu hii,” mumewe Shomari alisema, akijifanya anacheka. “Acha uso huo, Mama Mishi. Tupange safari.”

Zaituni akaomba moyoni awe yeye mwenyewe. Mradi asiwe mtoto wao Mishi, ambaye alikuwa anarukaruka kwenye kochi akiuliza kama papa wanang'ata.

Basi wakaanza kuagiza vitu vya safari kwenye mfumo uleule wa serikali uliotuma tikiti. Nguo ya kuogelea ya Mishi, Zaituni akabonyeza saizi kubwa, kama anavyomnunulia sare za shule, ili imfae na mwakani.

Simu ikatetemeka mkononi. Mfumo ulikuwa umeibadilisha oda yake, kwa upole kabisa: “Mchukulie ya kumtosha sasa hivi tu.”

Shomari akanyoosha mkono. “Lete nione.”

Zaituni akailaza simu kifudifudi mapajani, akaikandamiza kwa viganja vyote viwili.