Mstari Usiopindishwa

Zama hizo, mlima uliozungushiwa mstari mwekundu kwenye ramani ulipumzishwa ili upone, haukukanyagwa na mtu kwa miaka thelathini. Mistari hiyo waliichora wanafunzi wa chuo kikuu, na kule Taita aliyewafundisha alikuwa Dakta Mghoi.

Asubuhi moja mwanafunzi wake, Nyambu, alimgeuzia kompyuta yenye picha ya setilaiti. "Mwalimu, korongo hili linaula mlima. Ila ukingoni naona kaburi dogo, limepandwa maua. Nipindishe mstari, libaki nje?"

Maua hayo aliyapanda Mghoi mwenyewe. Pale alilala Wakio, binti yake wa pekee. Alitazama udongo ulivyomong'onyoka, kisha akatazama mapaa ya nyumba za watu bondeni.

"Usiupindishe," alisema. "Fuata korongo."

Jioni alimweleza mumewe, Mwadime. Mwanamume yule aliweka kikombe chini taratibu.

"Mama Wakio, umemfungia mtoto peke yake kule?"

"Chini kuna watoto wa wenzetu, Baba Wakio."

Mwadime aliinuka. Tangu siku hiyo akahamia chumba cha marehemu, na mlango akawa anaufunga kwa ndani.

Masika ya mwaka wa pili yalipopita, picha mpya za setilaiti zilifika darasani. Korongo lilikuwa limefunikwa na majani, na kaburi nalo halikuonekana tena. Wanafunzi walishangilia, wakampigia mwalimu wao makofi. Mghoi naye akapiga, huku macho yakihangaika katika ule ukijani, yasipate pa kutua.