Mlango Mweupe wa Muhanga

Haya sikusimuliwa. Nilikuwapo, nimejilaza nyuma ya kichuguu, na macho yangu hayajawahi kunidanganya.

Muhanga alikuwa hodari wa kuchimba mashimo ya kuuza, ila wanunuzi hawakuja. Akajipatia kitabu kinachoeleza kwa nini watu hununua, akakisoma hadi kucha zikatoboa kurasa. Kilisema mnunuzi hanunui kitu, hununua jinsi jirani atakavyomtazama.

“Kumbe!” akasema Muhanga, akaipaka milango yote chokaa nyeupe.

Mama Nguchiro akapita na wanawe watatu. “Hili shimo la kifahari ni la nani?”

“La mwenye hadhi yake, mama. Pimbi kaliulizia tangu asubuhi.”

“Pimbi? Yule anayelalia mawe? Hebu nipishe!” Akalichukua kwa kikapu cha mchwa. Kabla ya jua kuzama mashimo yote yalikwisha, na Muhanga akajiona profesa, akimsifia kila mpita njia kitabu chake.

Siku ya tatu Mama Nguchiro akarudi na wana wawili.

“Tai ameuona mlango wako toka mawinguni,” akasema, wala hakupaza sauti. “Kamnyakua kitindamimba wangu pale pale kizingitini. Kitabu chako kilikwambia tunanunua kwa nini. Kilikwambia tunakaa shimoni kwa nini?”

Muhanga akapekua kurasa, asione kitu. Akachota udongo, akaufunika weupe wa milango yote, kisha akapiga magoti akaomba radhi.

Hapo kwenye magoti, kusema kweli, nimemwongezea mimi. Udongo alipaka, lakini radhi hakuomba.