Mikono Baada ya Zamu

Bangili zilikuwa ushindi wa chama cha wafanya usafi. Mkataba na makampuni ya usafi ulisema mwanachama hatafanya usafi nje ya zamu, kwa mtu yeyote, na bangili zilihakikisha hivyo: zamu ikishaisha, mkono ulioanza kusugua ulikufa ganzi na kulegea. Hakuna kampuni iliyoweza tena kumbakiza mtu kazini bure. Siku ya kura, Zuwena aliinua mikono yote miwili.

Sasa mama yake alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha kuoshea maiti, na Zuwena alikuwa ameshampigia simu katibu wa chama kuomba afunguliwe bangili.

"Pole sana, dada'angu," katibu alisema, na sauti yake ilionyesha kwamba amehuzunika kweli. "Lakini tukikufungulia wewe, kesho waajiri watatuambia kila choo kina msiba."

Zuwena alijua ni kweli, akakata simu.

Alichovya kitambaa majini, akasugua mguu wa mama mara moja. Vidole vikafa ganzi na kulegea, kitambaa kikaanguka.

"Umeosha maofisi ya watu miaka yote, unashindwa na mama yako?" Mama Mkubwa, aliyesimama kando yake, alifoka. Kisha akaziona bangili. Akaushika ule mkono uliolegea, akauzungushia kitambaa, akaupitisha taratibu kwenye mguu wa mdogo wake, kama anayemfundisha mtoto kuandika.

Zuwena aliutazama mkono wake ukienda na kurudi.

"Maji hayajapoa?" Mama Mkubwa aliuliza.

Zuwena hakujua.