Mikanda ya Meno Marefu

Kuanzia Ole hadi Kengeja, hakuna anayeujua mpira kama Bi Mwanamize. Kweli isemwe: mpira anaoujua ni wa ndara. Lakini mpira ni mpira, na ndara iliyoachwa mlangoni humwambia mengi: nani anaburura mguu, nani anaegemea kisigino, nani hakuaga kwao.

Siku hiyo alikuwa amepiga magoti ukumbini kwa Bi Mgeni, mjane muuza vipuri wa Gombani, akipima kwa shibiri mikanda ya mpira ya katapila. La kwao, katapila dogo la kuchimbia mitaro, limelala Ole, mkanda umekatika. Wakirudi na mikanda isiyofaa, kazi ya mtaro wa maji anapewa Matano, mshindani wao, na Matano keshaanza kupiga mluzi.

"Umekatika mmoja, tununue mmoja," alisema mumewe, Mzee Vuai.

"Ndara hununuliwa mguu mmoja? Wataka katapila lichechemee?"

Mzee Vuai akaitazama miguu yake mitupu. Habari ya ndara ilikuwa bado inamuuma. Ijumaa iliyopita ndara zake kuukuu, alizofungiwa na mkewe kwa waya wa shaba, ziliibiwa msikitini, akarudi nyumbani pekupeku akimlaani mwizi. Leo kaja na mpya za kijani, kaziacha mlango wa mbele.

Kuja hapa ni shauri lake. Duka kalisikia kwa watu tu, asema. Bi Mwanamize aliingia akajigonga paji la uso kwenye mlango mfupi. Mzee Vuai, mrefu kama mnazi, aliinama mapema.

"Hapa pana uongo," Bi Mwanamize alimnong'oneza. "Nausikia harufu."

Mzee Vuai akakohoa.

"Bibi, hii ya meno mafupi ni ya mawe," alisema Bi Mgeni. "Kwenu Ole udongo unanata. Chukua ya meno marefu."

"Mipya?"

"Wallahi, haijakanyaga ardhi."

Bi Mwanamize akanusa. Akakwaruza kwa ukucha. Akaingiza kidole katikati ya meno kutafuta udongo wa watu. Akatoa mkobani kipande cha ule uliokatika, akalinganisha vyuma vya ndani. Vikakaa sawasawa. Mikanda ilikuwa safi kama kanzu ya Idi.

Chai ikaletwa. Ya Bi Mwanamize ilikuwa na sukari mpaka midomo inagandana. Ya Mzee Vuai haikutiwa hata chembe, vile vile alivyoamrisha daktari wake.

"Nisamehe, mwanangu," Bi Mwanamize akamwambia mjane. "Nilikudhania. Pua imezeeka."

Gari ya mizigo ikapiga honi nyuma ya nyumba. Mzee Vuai akachomoka kwa mlango wa uani kwenda kusimamia upakiaji. Bi Mwanamize akapitia mlango wa mbele kuvaa ndara zake. Zile za kijani bado zilikuwapo. Akaziokota, akazunguka nyumba huku akimhurumia mzee wa watu, kenda tena pekupeku.

Mzee Vuai alikuwa kando ya gari, anaelekeza watu kwa fimbo. Miguuni mwake waya wa shaba ulikuwa ukimemeta.

"Alhamdulillahi, Mzee Vuai," alisema Bi Mwanamize. "Kumbe mwizi wa msikitini ni mcha Mungu. Kakurejeshea."