Ada ya Kanga

Kanga alikuwa na sauti. Akipiga kelele, hata ng'ambo ya mto husikika. Mtama wake aliuweka ghalani kwa Panya Buku, kama wanyama wote. Na Buku hana haya: kufungua mlango, ada yake punje, kuufunga, punje, kuuliza umebakiwa na kiasi gani, punje nyingine.

Siku moja Kanga akamkuta Nguruwe akipanda mtama, akautambua kwa wekundu wake. Kumbe Buku huwakopesha wengine akiba za wateja wake, kwa faida!

Akaenda moja kwa moja ghalani. "Mzee Buku, leo nautaka mtama wangu wote."

Buku akageuka kutazama ndani. Yalibaki makapi tu. "Mama Kanga, nakusihi, polepole! Wenzako wakisikia watakuja wote."

"Ala! Kwani kunyamaza ni bure? Nako kuna ada."

"Sema basi, punje ngapi?"

"Sitaki hata moja. Mtama nitaungoja mpaka Nguruwe avune. Wewe wafungulie wote mlango bure."

Tangu hapo mlango ni bure. Na Buku akijisahau akanyoosha mkono kudai punje, Kanga hukohoa tu.